Nikeli au rodi kwa Gillette ya zamani?

Mashine ya kunyolea ya Gillette Super Speed ya miaka ya 1950 ni shaba iliyochovywa nikeli; ukiona unjano kwenye kingo, shaba imeshachungulia. Kuichovya nikeli upya kunairudishia sura ya kiwandani, tena kwa bei nafuu. Ila nikeli hufubaa, na wenye mzio nayo huwashwa. Rodi (rhodium), metali ambayo masonara huvisha dhahabu nyeupe, ni ngumu, nyeupe zaidi na haifubai. Bei yake sasa!

Hakuna inayoficha mikwaruzo. Kazi kubwa ni kusugua kabla ya kuchovya, na fundi akizidisha, ile mikato midogo ya mpini inalainika, mashine inateleza kwenye mkono wenye sabuni. Mimi ningebaki na nikeli.