Kifaa gani kinunuliwe kwa jiokashingi ya familia Lubumbashi

Jiokashingi, yaani mchezo wa kusaka kisanduku kilichofichwa kwa kufuata namba za latitudo na longitudo, ulianza Marekani mwezi Mei 2000, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS (mfumo wa satelaiti unaoonyesha mahali ulipo) yanayotumiwa na raia, ndipo Dave Ulmer akaficha ndoo ya kwanza katika jimbo la Oregon. Wauzaji hupenda kusifu usahihi wa vifaa vyao. Kwa familia yenye watoto wa miaka minne hadi minane, usahihi si jambo la kulipia zaidi, kwa sababu hata kifaa kizuri humwacha msakaji mita kadhaa kutoka kisanduku, na mita hizo za mwisho hutafutwa kwa macho na mikono, kazi ambayo watoto huiweza kuliko sisi. Ndiyo maana nimevipanga vifaa kwa kuuliza kama mtoto atakishika bila mzazi kushtuka, na kama kitadumu na chaji hadi kurudi nyumbani.

Nafasi ya kwanza: simu iliyopo nyumbani. Kipokezi cha GPS ndani ya simu hakihitaji intaneti ili kujua mahali kilipo. Kinachohitaji intaneti ni ramani, nayo hupakuliwa mapema kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps. Chini ya anga wazi simu hukosea kwa takriban mita 5, na kosa huongezeka chini ya miti mizito au kando ya majengo marefu ya katikati ya mji. Fedha zitumike kwa pawabanki, kamba ya shingoni na, kuanzia Novemba hadi Aprili, mfuko usiopitisha maji.

Nafasi ya pili: simu ya mtumba ya watoto wenyewe. Ikianguka, hakuna atakayelia sana. Usilipe kabla ya kutoka nayo nje ya duka, kuzima data na kungoja ionyeshe mahali ulipo. Kisha igeuze huku na huku ukiwa umesimama, uone kama dira inageuka, kwa maana simu nyingi za bei ya chini hazina dira na mshale wake hauelekei popote mpaka uanze kutembea, jambo linalowachosha watoto haraka.

Nafasi ya tatu: kipokezi cha mkononi, kama Garmin eTrex. Ni kigumu, na matoleo mengi hutumia betri mbili za AA, faida kubwa umeme unapokatika. Kinawafaa wanaotembea siku nzima, tuseme upande wa ziwa Kipopo. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, kioo chake ni kidogo na vitufe vyake vinahitaji subira.

Saa za watoto zenye GPS naziweka mwisho, na kwa mchezo huu usizinunue kabisa. Zimetengenezwa ili mzazi ajue mtoto alipo, si ili mtoto afike mahali alipopangiwa.

Baada ya kifaa kinabaki kisanduku, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili uangalifu zaidi. Visanduku vilivyosajiliwa katika nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni vichache ukilinganisha na Ufaransa au Ujerumani, kwa hiyo mzazi wa Lubumbashi mara nyingi atajifichia mwenyewe. Chagua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana na mpira wa kuziba, cha lita 1 au zaidi, ili vitu vya kubadilishana vienee. Kile cha chini ya mililita 100 hubeba karatasi tu, na mtoto aliyetembea juani atahisi amedanganywa. Kopo la biskuti hushika kutu mvua zikianza. Kiwe kinachoonyesha vilivyomo ndani, asije mlinzi akakitilia shaka. Weka daftari na penseli ili waliokipata waandike majina yao, wala usiweke chakula, maana siafu hawasomi sheria za mchezo. Anayechukua kitu huacha chenye thamani sawa au zaidi.

Omba ruhusa ya mwenye mahali, iwe uwanja wa parokia, shule au bustani ya wanyama, na ukae mbali na kambi za jeshi, madaraja na maeneo ya kampuni za madini. Vichuguu vikubwa vya pembezoni mwa mji vinavutia, lakini mashimo yake huweza kuwa na nyoka. Sheria za mchezo zinakataza kufukia kisanduku, nasi tuna sababu yetu ya ziada, kwani udongo unaozunguka bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, umebeba vumbi la metali kwa miaka mingi.

Mwisho, hakikisha dukani kwamba kifaa kinakubali digrii na dakika zenye desimali, kama S 11° 40.000′ E 027° 29.000′, ambayo ni karibu na katikati ya mji. Sehemu moja ya elfu ya dakika ni kama mita 2 ardhini, na ukisahau herufi S ya kusini, mshale utawaelekeza Sudan.