Tela ya kuvuta mtoto nyuma ya baiskeli: uzoefu wangu kwenye safari ndefu ya kuchangisha

Kuna watu wanauliza kama hizi tela za kubebea mtoto zinafaa safari ndefu au ni za kuzungukia mtaani tu, sasa mi ngoja niseme nilivyoiona yetu, maana tumeivuta safari nzima, mimi na mama watoto, kijana wetu mkubwa kwenye baiskeli yake mwenyewe na kitinda mimba ndani ya tela, tukichangisha hela za wodi ya watoto wenye saratani. Watu walikuwa wameahidi kuchangia kwa kila kilomita, kwa hiyo tela ikisumbua tukasimama, na mchango nao umesimama, na hilo linakukaa kichwani kila ukipiga pedali.

Jibu langu ni kwamba inafaa kabisa, na bila hiyo tusingefika. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nyingi zimefanana, magurudumu mawili ya inchi 20, inakunjika, ina mkanda unaobana mabega, kiuno na katikati ya miguu, ina wavu mbele na plastiki ya mvua juu yake.

Kwanza kuhusu kiti cha nyuma, ambacho ndicho wengi wanalinganisha nacho. Mtoto akikaa juu nyuma yako uzito wote uko juu, baiskeli inayumba hasa ukianza kuondoka, na akilala kichwa kinaning'inia upande unaumia roho kumwangalia. Kwenye tela yuko chini, anacheza, analala, alafu kile kiungo cha mbele kinazunguka kwa hiyo hata baiskeli ikilala chini tela inabaki imesimama. Ila kofia ya usalama iangalie vizuri!! Kofia nyingi zimechongoka nyuma, mtoto akiegemea inamsukuma kichwa mbele mpaka kidevu kinagusa kifua, na akisinzia hivyo hapumui vizuri. Tafuta ambayo nyuma ni bapa, na taulo dogo likunje uliweke nyuma ya mabega, sio nyuma ya kichwa, utaona shingo inanyooka palepale. Na mtoto ambaye bado hajakaza shingo vizuri usimweke kabisa, wengi wanasema angalau afikishe mwaka 1.

Sasa sehemu ya kuungia, hapa ndo pa kukagua kuliko kote. Tela inashikwa na kichuma kinachokaa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, na ekseli hazifanani, zile nene za milimita 12 za baiskeli za siku hizi zina nyuzi za skrubu tofauti, kuna za milimita 1.0, 1.5 na 1.75 kutoka uzi hadi uzi, ukichukua ekseli isiyo ya baiskeli yako haiingii au inaingia nusu, ambayo ni mbaya zaidi. Kila asubuhi kijana wetu alikuwa na kazi moja, anaitikisa kwa mkono, anaangalia pini, anaangalia kale kamkanda ka akiba kanakozunguka fremu, ndo tunaondoka, na ile kazi aliipenda kweli, hakuna siku tulimkumbusha.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba tela ni pana kuliko baiskeli, we unakwepa shimo vizuri kabisa afu gurudumu la tela linaingia humohumo na mtoto anarushwa. Inabidi macho yako yawe yanapima njia pana zaidi, na aliye mbele apige kelele mapema. Gurudumu la nyuma la baiskeli nalo linarusha maji na vijiwe moja kwa moja kwenye wavu wa mtoto, kwa hiyo weka madigadi ndefu yenye kipande cha raba kinachokaribia chini. Plastiki ya mvua usiifunge jua likiwaka hata kama kuna vumbi, ndani panachemka haraka sana.

Kwenye mteremko tela isiyo na breki yake inakusukuma. Ya kwetu haina, hivyo tulikuwa tunashuka polepole tukibana na kuachia, kwa sababu ukibana mfululizo breki zinapata moto zinapungua nguvu. Mlimani ni gia nyepesi tu na subira, mama watoto ndiye aliyeivuta zaidi kwenye vilima na alikuwa hataki kuachia zamu!

Tyubu za akiba beba za aina mbili maana za tela sio za baiskeli yako, na tairi ukinunua soma namba pembeni, inchi 20 ziko za 406 na za 451 na haziingiliani.

Kilichonikera ni zipu ya plastiki ya mvua, ilianza kuachia meno mapema, tukamalizia safari kwa vibanio vya nguo, na duka lililotuuzia halikujibu ujumbe mpaka leo. Hata hivyo ningeinunua tena, ila ningeongeza hela nipate yenye breki yake yenyewe. Na kama mtoto wako hapendi kufungwa mkanda zaidi ya nusu saa mzoesheni kwanza kidogo kidogo kabla hamjatangaza tarehe kwa wachangiaji, kwa sababu huko njiani usingizi wake ndo utakuwa ratiba yenu, akilala mnakimbiza kilomita, akiamka mnashuka wote mkacheze.