Vifaa vya ndani vya gari la umeme: nusa kwanza, bei baadaye

Tangu magari ya umeme ya Nissan Leaf yaanze kuonekana hapa Malindi, malalamiko yanayonifikia ni ya namna moja, na hakuna linalohusu betri. Shemeji yangu wa Muyeye ana kioo cha mbele chenye ukungu usiokwisha. Jirani wa Shella akirudi kutoka Mombasa usiku, taa za malori zinamtapakalia kiooni hata barabara haioni. Dada mmoja wa Watamu kichwa kinamgonga kila akipanda gari mchana. Wote wamepeleka magari kwa fundi wa kiyoyozi, wote wamelipa, na wote wameambiwa gesi imepungua. Ukiwauliza zaidi, kila mmoja alinunua raba za kukanyagia na kava za siti gari lilipotoka tu bandarini.

Kwa hiyo rangi na mishono mtachagua wenyewe. Mimi nina jambo moja: mvuke.

Raba nyingi za bei nafuu ni PVC. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, ndiyo ileile ya mabomba ya maji. Ili ikunjike, kiwandani huchanganywa na mafuta ya kulainisha, nayo mafuta hayo hayakai ndani milele. Funga gari juani hapa kwetu saa saba mchana: joto la ndani linaweza kukaribia nyuzi 60, dashibodi inazidi hapo. Mafuta yanatoka kama mvuke, yanapanda, yanakutana na kioo na kuacha utando. Mchana huuoni. Usiku taa ikikujia usoni, mwanga unatawanyika kioo kizima.

Watengenezaji wa magari wanalijua hili zamani. Kuna kipimo cha Kijerumani, DIN 75201, ambapo kipande cha plastiki hupashwa moto nyuzi 100 kwa saa tatu chini ya kioo kilichopozwa, kisha kioo hukaguliwa kimefifia kiasi gani. Raba ya kando ya barabara haijapita huko, bwana. Imepita kwenye kontena tu.

Mwenye petroli naye hupata utando huu, ila kwa mwenye umeme unauma mara mbili. Akiona ukungu anadhani ni unyevu wa bahari, anawasha kiyoyozi, na kiyoyozi kinakunywa kutoka betri ileile inayozungusha magurudumu. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24 tu. Huko hakuna cha kuchezea. Halafu utando si maji, hata upulize mpaka Mambrui hautoki. Kule Lamu kisiwani wamepumzika: punda hana kioo cha mbele.

Haya, mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza, na sifichi kwamba naipendelea Nissan, ni kapeti zake za asili, hata zilizotumika. Ni za kitambaa, zimekatwa kwa umbo la gari lenyewe, na ya dereva ina matundu yanayoshika ndoano za sakafuni. Ndoano hizo si urembo. Mwaka 2009 Toyota iliita magari takriban milioni 3.8 Marekani kwa sababu kapeti ziliweza kuteleza na kunasa kanyagio la mafuta. Na Leaf za kuanzia mwishoni mwa 2017 zina e-Pedal: unakwenda na kupunguza mwendo kwa kanyagio moja, kwa hiyo kisigino kinasaga mahali pamoja safari nzima. Kapeti inayohama hapo siitaki hata ya bure. Mchanga wa ufuo wa Silversands unaingia kwenye kitambaa, ndiyo, lakini kapeti inakung'utwa na kuanikwa. Kinachoniudhi ni kwamba gari hutoka Japani na kapeti zake, likifika kwa muuzaji zimepotea, kisha mtu yuleyule anakuuzia raba. Kabla hujalipa gari, dai kapeti ziandikwe kwenye karatasi.

Ya pili ni raba za TPE, plastiki laini inayonyumbuka kama mpira, zilizofinyangwa kwa Leaf. TPE hailainishwi kwa mafuta yale ya PVC, na harufu yake huwa hafifu. Ukiagiza mtandaoni hakikisha ni za usukani wa kulia; nyingi hukatwa kwa ajili ya China na Ulaya, na ya dereva itakufaa kwa abiria tu. Muuzaji akisema "hii ni TPE", mwombe kipande kidogo, kitie kwenye chupa ya jamu iliyo kavu, funika, weka juani mchana mzima. Jioni chupa ikipoa, iangalie dhidi ya taa. Ikiwa na utando, mrudishie mali yake. Akikataa kukupa cha kujaribu, umeshajibiwa.

Ya tatu, kava za siti za pamba kutoka kwa fundi cherehani wa mjini, si zile za ngozi bandia. Mwambie aache wazi ubavu wa siti penye kilebo cha SRS AIRBAG, maana mfuko wa hewa hufumukia hapo. Wengi hushona mpaka chini, gari likapendeza, na mfuko ukafungiwa ndani.

Kizuia jua cha kioo cha mbele kinunue, hata cha karatasi ya fedha. Ila kuna mahali nimetajiwa bei maradufu kwa sababu kifuko kimeandikwa kwamba kinalinda betri ya gari la umeme. Betri ya Leaf iko chini ya sakafu! Ukitaka kuinusuru na joto, egesha chini ya mwembe. Hivyo hivyo raba: bandika neno "EV", yaani gari la umeme, na bei inaruka, wakati serikali ilishusha ushuru wa bidhaa wa magari haya kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Nafuu imefika dukani ikageuzwa ada.

Raba za PVC za kukata kwa mkasi: hapana. Kishikio cha simu chukua cha kubana kwenye tundu la hewa, gundi huyeyuka. Mafuta ya kung'arisha dashibodi nayo huongeza utando, yaacheni.

Walio na utando tayari: toeni raba kwanza, acheni milango wazi kivulini, osheni kioo kwa maji ya sabuni, kikauke, kisha pangusa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Rudieni wiki inayofuata kabla ya kumlipa tena fundi wa gesi.