TAHADHARI: Wauza mashine za maji wanaopita majumbani na "kipimo cha uchafu"

Ndugu zangu wa Dar, hasa mlio na wazee wanaoshinda nyumbani peke yao: kuna vijana wanapita mitaani wakiuza mashine za kusafisha maji kwa kuwatia watu hofu. Huku kwetu Tabata wameshafika, na mama mmoja jirani yangu ametoa kianzio cha laki mbili kabla hatujajua.

Wanaomba glasi mbili. Moja wanatia maji yako ya bomba, nyingine maji ya mashine yao. Wanatumbukiza kifaa chenye vijiti vinne, wanachomeka kwenye umeme. Punde maji yako yanageuka kahawia, yanatoa povu, juu yanafanya utando mweusi kama wa mtaroni. Ya kwao hayabadiliki. "Mama, haya ndiyo unawanywesha wajukuu?" Nani hatashtuka?

Uchafu ule haukuwemo kwenye maji. Ni kutu! Katika kila glasi kijiti kimoja ni aluminiamu, kingine ni chuma. Maji ya bomba yana chumvichumvi za kawaida, kwa hiyo yanapitisha umeme, na umeme unakila kile chuma. Maji ya mashine yao yameondolewa chumvi, umeme haupiti vizuri, chuma hakiliki. Nilimwomba kijana atie chumvi ya jikoni kidogo kwenye glasi yake "safi" kisha arudie. Yakachafuka kuliko ya bomba. Akaanza kukusanya vitu vyake. (Msiguse maji yale kifaa kikiwa kwenye umeme, ni hatari.)

Wana pia kipimo kidogo cha namba, TDS. Kile kinapima chumvi zilizoyeyuka, hakioni vijidudu kabisa. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kinyesi cha ndege yatatoa namba ndogo, na yanaweza kukuharisha.

Mashine nzuri zipo. Zenye utando wa RO (unaochuja chumvi zilizoyeyuka) zinafaa kwa maji ya kisima yenye chumvi, au kwa wenzetu wa Arusha ambao maji yao yana floraidi nyingi (madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi), maana floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Taa ya UV inaua vijidudu, ila maji yawe maangavu. Chujio la mkaa linaondoa harufu na ladha ya klorini, na lisipobadilishwa vijidudu huzaliana humo humo. Kwa hiyo ulizia kwanza bei ya machujio ya kubadilisha, na yanapatikana wapi.

Kama hofu yako ni kipindupindu au homa ya matumbo, chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika moja, uyahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko. Au tumia dawa ya klorini kama pakiti inavyoelekeza, usubiri nusu saa.

Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa muamala. Apeleke pamoja na risiti, kama alipewa, kwa mwenyekiti wa mtaa na Tume ya Ushindani, FCC. Jirani yangu tunampeleka Jumatatu. Mwenye kesi kama yake tuongozane.