Kabla hujanunua Queen wa zamani, pima kasi ya mkanda

Nilimlipa muuzaji mmoja wa mtandaoni shilingi laki moja na nusu kwa CD mbili za onyesho la mwaka 1974 la Queen, bendi ya roki ya Uingereza, "zimerekodiwa ukumbini, sauti safi". Nikaweka ya kwanza. Freddie Mercury, mwimbaji wao, akawaamkia watu kwa sauti ya katuni! Kufika CD ya pili alikuwa kama anafukuzwa na mbwa.

Waliokulia kwenye redio kaseti wanaujua ugonjwa huu. Mtu kaingia ukumbini kwa siri na rekoda ya betri. Betri zikachoka, mota ikazubaa, mkanda ukapita polepole. Ukija kuucheza kwenye mashine yenye nguvu kamili, kila kitu kinapanda, na kinazidi kupanda hadi mwisho wa onyesho. Sisi betri tulizianika juani. Huyo mwenzetu kule gizani angefanya nini?

Wauzaji watakusifia jalada, kasi hawaitaji. Ikizidi kwa asilimia 6 tu, muziki umeshapanda nusu toni, yaani kutoka noti moja hadi ile inayoifuata kwenye piano, na wimbo wa dakika 4 umepoteza sekunde kama 14. Kwa hiyo omba kwanza kipande chenye piano. Gitaa hukazwa nyuzi wakati wowote, piano haikazwi katikati ya onyesho. Washa kwenye simu programu ya kupimia nyuzi za gitaa. Noti zikiangukia katikati ya noti mbili, usilipe. Ikiwa imepanda nusu toni kamili, programu itadanganyika, maana noti zitaangukia sawasawa kwenye noti jirani. Hapo msikilize Freddie akizungumza kati ya nyimbo: mzaliwa huyu wa Zanzibar aliimba juu, lakini aliongea kwa sauti ya chini.

Namba moja kwangu, na mapenzi sifichi, ni toleo lao rasmi la 2014, Live at the Rainbow '74. Chukua la CD mbili: moja ya Machi, nyingine ya Novemba, ukumbi ule ule wa Rainbow, London. Usikie miezi minane inavyoweza kuikomaza bendi. Boksi kubwa achana nalo, unalipia karatasi za kuiga tiketi na mabango.

Ya pili ni A Night at the Odeon, mkesha wa Krismasi 1975, Hammersmith, London. BBC iliirusha moja kwa moja, ndiyo maana kanda za waliorekodi majumbani zilizagaa miaka 40 hadi toleo rasmi lilipotoka 2015. Naiweka ya pili kwa sababu hapo walishashiba umaarufu. Mimi nawapenda wakiwa na njaa.

Ya tatu, On Air ya 2016. Angalia sana: ile ya CD mbili ni vipindi vya studio za BBC. Onyesho la jukwaani la Golders Green, London, Septemba 1973, limo kwenye boksi la CD sita tu, na wauzaji wanalijua hilo vizuri wanapokuandikia "live", yaani la jukwaani.

MP3 za bei poa? Sikiliza piano.

Yule muuzaji wangu nilimwandikia. Akajibu kwamba enzi zile ndivyo walivyopiga, na nikitaka kurudisha, posta juu yangu. Juzi nimepita dukani kwake tena: CD zile zile, "sauti safi", sasa laki moja na themanini.