Sherifu wa kaunti au mkuu wa polisi wa jiji: cheo kipi kinafaa zaidi Los Angeles?

Mjadala huu hurudi kila mara miongoni mwa maofisa wa Marekani wanaokaribia kilele cha kazi, na maisha ya Jim McDonnell yanausaidia, kwani amevishika vyeo vyote viwili.

Kwa gharama ya kukipata, cheo cha mkuu wa polisi ni nafuu: meya humteua na baraza la jiji humthibitisha. Sherifu huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka 4, hivyo hana budi kuchangisha fedha na kupiga kampeni, kazi ambayo, kwa maoni yangu, haimfundishi mtu lolote kuhusu ulinzi.

Kwa uthabiti, mambo hayako wazi. Mkuu wa polisi hupewa miaka 5, inayoweza kuongezwa mara moja tu. Sherifu akipendwa hukaa muda mrefu, kama Peter Pitchess aliyeongoza tangu 1958 hadi 1981; lakini McDonnell, aliyechaguliwa 2014, aling'olewa na Alex Villanueva mwaka 2018, naye Villanueva akashindwa na Robert Luna mwaka 2022. McDonnell aliteuliwa kuwa mkuu wa polisi mwaka 2024.

Mzigo wa sherifu ni mpana zaidi, kwa kuwa husimamia pia magereza ya kaunti, na hapo ndipo jina la Lee Baca, aliyekuwa sherifu, lilipochafuka hadi akahukumiwa kifungo mwaka 2017.

Anayetaka uhuru mbele ya wanasiasa na kuimudu kampeni atafaidika na usherifu. Anayependa doria na upelelezi, na kuvumilia bosi mmoja, abaki jijini.