Risasi tatu nilizowindia kulungu Pennsylvania, na moja ambayo siigusi tena

Nimewinda kulungu wa mkia mweupe huku Pennsylvania misimu mitano saivi, bunduki ni moja tu, raifo ya bolti, ile unayovuta kishikio kwa mkono kila ukipiga, ya .308, yaani risasi yake ina upana wa inchi 0.308, na kila mwaka kuna ndugu anayeanza ananiuliza achukue risasi gani, manake ukiingia dukani unakuta ukuta mzima wa maboksi na kila boksi lina picha ya dume lenye mapembe. Basi naandika nilichotumia mwenyewe.

Nianze na ile iliyoniumiza. Msimu wa kwanza muuzaji akaniambia chukua hii, ina kasi balaa, na kweli nikilenga karatasi yadi 100 matundu matatu yalikuwa yanagusana. Sikujua kuwa ile ni ya mashindano ya shabaha, ganda lake la nje jembamba, haikutengenezwa kwa mnyama. Akaja jike kama yadi 60, kasimama upande upande, nikampiga begani, akaanguka, akainuka, akakimbia. Mimi na shemeji tukamfuata na tochi mpaka saa nne usiku, tone la damu hapa, tone kule kwenye majani makavu, tukamkuta ameshakufa lakini mbali mno. Nilipomchuna nikaona risasi imesambaratika juu ya mfupa wa bega, kidonda kipana kama kiganja lakini hakina kina, na vipande vimetapakaa kwenye nyama kama mchanga. Kwenye mapafu kilifika kipunje kimoja tu. Yule mnyama aliteseka kwa sababu sikuuliza swali moja dukani: hii ikigonga mfupa inakuwaje?

Ndo nikaelewa. Risasi ya kulungu ina kazi mbili zinazovutana, ikishaingia ifunguke kama uyoga ili ichane mapafu, na hapohapo ibaki kitu kimoja ili ipenye mpaka upande wa pili. Isipofunguka inapita kama msumari na mnyama anaondoka na tundu dogo, ndio maana zile za kijeshi zilizofunikwa mpaka puani sheria ya hapa inazikataza kwa kulungu.

Msimu uliofuata nikahamia Core-Lokt ya Remington, greini 150, yaani karibu gramu 10. Hii ipo tangu 1939, bei yake ndo nafuu kuliko hizi tatu, na ganda lake la shaba limenenepeshwa katikati ili likishike kiini cha madini laini ya ndani kisichomoke. Kulungu wawili, baada ya kupigwa hakuna aliyekimbia akafika yadi 50. Kwa msitu wa hapa ambako mara nyingi unapiga karibu, anayeanza achukue hii na asione aibu.

Fusion ya Federal, greini 165, hapo shaba imegandishwa kwenye kiini chenyewe. Nilimpiga dume akiwa ananielekea kwa mshazari, ikavunja bega, ikapita mapafu, na nilipokuwa namchuna nikaikuta chini ya ngozi upande wa pili, kama kitufe cha koti, kingo zimekunjika vizuri. Nikaiosha nikaiweka kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu, gramu 9 na kitu, wakati ilitoka na 10.7! Kile kitufe ninacho mpaka leo.

Ninayobaki nayo sasa ni TTSX ya Barnes, greini 150, shaba tupu, ina ncha ya plastiki na ikifunguka inatoa vijani vinne kama ua. Ni ghali, tena inataka kasi ndo ifunguke vizuri, kwa hiyo usichukue nzito sana wala usipige mbali kupita kiasi. Lakini nimehamia kwa ajili ya watoto. Kiswahili chetu kinaita risasi kitu kinachotoka kwenye mtutu, na kinaita risasi pia yale madini yenyewe, na madini hayo ni sumu, ubongo wa mtoto ndo unaumia zaidi. Vipande vingine ni vidogo jicho halivioni. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota liliambia vituo vya kugawa chakula visitoe nyama ya kulungu ya kusaga waliyochangiwa kwa sababu hiyohiyo, na California tangu Julai 2019 huruhusiwi kuwinda na risasi yenye madini hayo. Mi nyama nyingi nasaga ya sambusa na kababu, sasa nitamlisha mwanangu hivyohivyo? Anayetumia za kawaida akate atupe nyama yote iliyovia damu kuzunguka kidonda, asiionee huruma.

Halafu kila bunduki ina inachokipenda. Nunua boksi moja moja, jaribu yadi 100 mtutu ukiwa umepoa, matundu matatu yakikaa ndani ya inchi moja na nusu inatosha kabisa kwa kulungu, kisha rudi ununue za kutosha za loti ileile, yaani zilizotengenezwa pamoja, namba yake ipo kwenye boksi. Na subiri asimame ubavu, umpige nyuma tu ya bega, theluthi moja toka chini ya kifua, hakuna boksi litakalokuokoa ukimpiga tumboni.

Msimu wa raifo unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya Alhamisi ya nne ya Novemba. TTSX maboksi matatu yapo kabatini tayari, na Core-Lokt iliyobaki nimempa shemeji, naye mwaka huu anaingia na bunduki yake mwenyewe.